Wifi Yangu Alinifungia Stoo Siku ya Kukaguliwa Afya

"Wifi, nipe pampu yako."

"Ya nini tena?"

"Nipe haraka! Mgeni ameshashuka kwenye gari!"

Nikampa. Jamani, nikampa kwa mkono wangu mwenyewe! Pampu yangu ya pumu, kitu ninachokwenda nacho hadi chooni, nikaiweka kiganjani mwa dada wa mume wangu kwa sababu nilimwamini.

Akaitia mfukoni. Halafu akanishika bega, akanisukuma ndani ya stoo ya sabuni ya unga, akavuta mlango.

Nikasikia ufunguo unazunguka.

"Wifi! Unafanya nini?"

"Tulia humo! Mgeni akiondoka nakufungulia. Na usikohoe!"

Usikohoe!! Mtu mwenye pumu, ndani ya chumba chenye vumbi la sabuni mpaka darini, anaambiwa asikohoe! Nyie, kuna watu wana roho ngumu.

Ngoja niwaeleze vizuri, maana najua mshaanza kuuliza ni mgeni gani huyo wa kufichwa wagonjwa.

Mimi ni mfungashaji kwenye kiwanda cha sabuni. Mashine inamwaga unga kwenye pakiti, sisi tunafunga, tunapanga kwenye maboksi. Vumbi lake... we acha tu. Linaingia puani, machoni, kwenye nywele. Mume wangu alikuwa akinitania kwamba yeye hana haja ya kununua sabuni, ameshanioa mimi.

Basi kampuni ikaleta mpango wa afya kazini. Mwanzoni tuliupenda, sitaki kuwa mnafiki. Mazoezi ya asubuhi na muziki, maji safi, matunda, nesi wa kutupima presha. Mwenye kiwanda alikuwa na nia njema.

Kisha meneja akaleta kiherehere chake cha mashindano!

Kitengo kisicho na mgonjwa kinapewa bendera ya kijani. Akitokea mgonjwa, bendera inashushwa, na kitengo kizima kinakosa siku ya mapumziko. Na msimamizi ambaye bendera yake haitashuka atapewa cheo cha mratibu wa afya, ofisi yake ghorofani, yenye vioo na kiyoyozi.

Hapo ndipo tulipoanza kutafunana.

Mtu akikohoa anaangaliwa kama mwizi. Mwenye mafua anakimbilia chooni, anafungulia bomba ili asisikike. Kuna dada mmoja wa pale kwenye mashine alizimia akiwa kazini. Wenzake wakamburuta chini ya meza, wakamfunika magunia matupu, wakaendelea kufunga pakiti! Alipozinduka hakuna aliyemwambia pole. Walimwambia, "Ulitaka kutuponza."

Wifi yangu ndiye alikuwa msimamizi wetu. Ndiye aliyenitafutia kazi ile, na nyumbani tulikuwa tunaishi naye, chumba chake kimepakana na chetu. Pumu yangu aliijua tangu mwanzo, ila akaniambia niifiche kwa ajili ya bendera. Nikaificha.

Sasa mwenye kiwanda akaanza kujiuliza, huu mpango unasaidia watu au tunajidanganya? Akamwita mama mmoja ambaye kazi yake ndiyo hiyo. Anazunguka makazini, anapima kama mipango ya afya inafanya kazi kweli, halafu anamwambia mwajiri arekebishe wapi. Picha yake ilibandikwa ubaoni, tukambatiza Mama Miwani kabla hata hajafika.

Huyo ndiye mgeni aliyeshuka kwenye gari. Haya, turudi stoo.

Mwanzoni nilijikaza. Nikaziba pua kwa kitambaa, nikapumua kidogokidogo, nikajiambia wifi hawezi kuniacha.

Kifua kikaanza kubana.

Nikagonga mlango.

Nje wakafungulia muziki! Walikuwa wanamwonyesha mgeni tunavyofanya mazoezi! Sauti ya wifi yangu ikasikika kwenye spika.

"Mikono juu! Ruka!"

Mimi nagonga, wao wanaruka. Mimi napiga kelele, wao wanapiga makofi.

"Haya, sasa pumzi! Vuta ndani... toa!"

Haki ya Mungu hayo maneno niliyasikia. Mimi nakata roho nyuma ya mlango, na mwenye pampu yangu mfukoni anawafundisha watu kuvuta pumzi!

Miguu ikaisha nguvu. Nikaanguka, nikaweka mdomo kwenye upenyo wa chini ya mlango, nanyonya hewa. Nikaona viatu vimesimama pale nje. Nikapitisha vidole nje, nikavichezesha, nikijua mtu akiviona ataita msaada.

Mtu aliviona.

Akavisukuma ndani kwa ncha ya kiatu!

Nilikitambua kile kiatu, kilikuwa kimeshonwa pembeni kwa uzi mwekundu. Ni cha yule dada aliyefunikwa magunia. Yeye! Wa kwanza kuonjeshwa ule ukatili! Nililia kimoyomoyo, maana hata pumzi ya kulia sikuwa nayo.

Muziki ukazimwa. Nikasikia sauti ngeni.

"Na huu mlango?"

"Stoo tu mama," wifi akajibu. "Twende huku tukuonyeshe matunda."

"Matunda nimeyaona. Mazoezi nimeyaona. Mimi hupenda kuona ambavyo sikuandaliwa. Vyoo, stoo, mahali watu wanapokaa wakichoka. Fungua."

"Ufunguo... umepotea mama."

"Meneja," yule mama akasema taratibu, "hii stoo yenu inakohoa."

Mpini wa mlango ukatikiswa.

"Vunjeni!" yule mama akaamuru.

Baada ya hapo sikumbuki. Nilizinduka hospitali, mrija puani, kifua kinauma kila ninapovuta hewa.

Mume wangu alikuwa amekaa pembeni ya kitanda. Nikamshika mkono, machozi yakanitoka. Nilijua ataniuliza naendeleaje.

"Sema ulijifungia mwenyewe," akaniambia.

"Eti nini?"

"Sema uliingia kulala, mlango ukajifunga. La sivyo dada atapoteza cheo."

"Mume wangu, nilikuwa nakufa!"

"Si hujafa?"

Nikautoa mkono wangu kwenye mkono wake.

Niliporudi kazini tukaitwa wote ukumbini. Mwenye kiwanda yupo, meneja anajifuta jasho, Mama Miwani amesimama mbele. Nikasimama nikasema kila kitu, nikamnyooshea kidole wifi mbele za watu.

Mwenye kiwanda akawageukia wenzangu.

"Ni kweli?"

"Mwongo huyo!" akadakia yule dada wa kiatu. "Kila siku hukimbilia stoo kulala!"

"Mvivu!" mwingine akapokea.

"Tumemzoea!"

Kitengo kizima, jamani! Watu niliokula nao, niliowachangia kwenye misiba yao! Wifi akajifuta machozi ya uongo, akasema ananisamehe kwa kumchafulia jina. Ananisamehe mimi!

Mama Miwani akainua mkono.

"Mimi sikuja kutafuta mkosaji," akasema. "Nimekuja kupima mpango, na mpango wenu umefeli. Mnajisifu hamna wagonjwa. Wagonjwa mnao, mmewafanya wajifiche, na sasa wanafichana kwa nguvu."

Akamgeukia mwenye kiwanda, akamweleza cha kufanya. Mashindano yafe leo. Ziwekwe feni kubwa za kuvuta vumbi nje. Kila mtu apimwe pumzi, na atakayekutwa ameathirika ahamishiwe kazi isiyo na vumbi, kwa mshahara uleule na cheo kilekile.

"Anayeumwa ndiye wa kwanza kutolewa kwenye vumbi," akasema. "Ninyi mlikuwa mnamtoa mzima."

Mwenye kiwanda akakubali palepale. Meneja akanywea.

Kupimwa kwenyewe ni kupuliza kwenye kifaa cha nesi. Tukapanga foleni, nikapuliza, wenzangu wakapuliza. Zamu ya wifi ikafika.

"Mimi mzima," akasema. "Tusipotezeane muda."

"Puliza tu, dada," nesi akambembeleza.

Akapuliza. Hakutoka kitu! Akajaribu tena, macho yakamtoka, akaanza kukohoa. Jamani, kile kikohozi! Kilimkunja, kikamtelezesha ukutani mpaka akakaa sakafuni, midomo imebadilika rangi.

Nilisimama namwangalia kwa mshangao. Miaka yote tunaishi nyumba moja, sijawahi kumsikia akikohoa hata mara moja.

Mama Miwani akapiga magoti mbele yake.

"Umeanza lini kuumwa?"

"Zamani..."

"Mbona hukusema?"

"Nilikuwa naisubiri ile ofisi ya juu." Wifi akahema. "Kule... hakuna vumbi."

Yule mama akavua miwani, akamtazama kwa huzuni.

"Dada yangu, ungekohoa mbele yangu siku ile, ningetaka uhamishwe siku ileile. Nilikuja kwa ajili ya watu kama wewe."

Wifi akalia, safari hii kwa kweli. Sikumwonea huruma. Nitadanganya nikisema nilimwonea.

Nilirudi nyumbani nikamkuta mume wangu sebuleni, taarifa ameshazipata.

"Ulijua dada yako anaumwa?"

"Nilijua."

"Kwa hiyo ndiyo maana ulimtetea hospitali."

Akavuta mto wa kochi, akaupakata.

"Kuna kingine unanificha?"

"Usimlaumu dada kwa mambo ya stoo," akasema. "Yeye alitaka ubaki nyumbani siku ile. Mimi ndiye niliyemwambia ukikosekana utahesabiwa mgonjwa na bendera itashuka. Nikamwambia akufungie mpaka mgeni aondoke."

"Na pampu?"

"Nilimwambia aichukue. Ungeitumia mle ndani wangesikia."

"Na ningekufa je?"

Hakuniangalia. Alikuwa anaokota uzi kwenye mto wa kochi.

"Mke mtu anaoa tena," akasema. "Dada ninaye mmoja."

Wasomaji wangu, sikupiga kelele wala sikumrushia kitu. Niliingia chumbani nikafungasha nguo zangu, na kufungasha ndiyo kazi yangu, sikuchelewa. Upande wa pili wa ukuta nilimsikia wifi, aliyekuwa amerudishwa na gari la kampuni, anakohoa, hajifichi tena. Nikapita sebuleni bila kuaga.

Siku hizi nipo kitengo cha kubandika lebo, hakuna vumbi, napumua. Wifi alipewa ile ofisi ya juu, maana Mama Miwani alishauri aliyeathirika ahamishiwe pasipo na vumbi. Hakuwahi kuikalia, mapafu yalikuwa yameshaoza. Yuko kitandani, anavuta hewa ya mtungi.

Juzi mume wangu akapiga simu.

"Dada anakuulizia. Njoo umuuguze, wewe ugonjwa huu unaujua."

"Siji."

"Una roho mbaya."

"Ninayo," nikamjibu, nikakata simu.

Mniseme mtakavyo kwenye komenti, nitasoma zote. Ila waajiri mliopita hapa, nawaomba jambo moja. Kabla hamjajisifia kwamba kwenu watu hawaumwi, tafuteni mtu wa nje aje aulize kwa nini hawasemi. Mkimpa zawadi asiyeumwa, anayeumwa atauawa na wenzake wakishangilia.

Na wewe mfanyakazi unayemeza kikohozi ili usiwaudhi wenzako, kohoa! Kohoa mbele ya meneja, mbele ya mgeni, mbele ya wifi yako. Wangu alimeza chake mpaka kikamzidi, na ulipofika wakati wa kuokolewa hakikubaki cha kuokoa.