Mdomo wa Baba Juma

Siku treni inapofika Kamina hakuna anayemsikia mwenzake. Wauza samaki wakavu wanapaza sauti, wenye pikipiki wanagombania abiria, na kila mwenye simu anataka chaji. Siku hiyo, kati ya siku zote za Mungu, ndiyo Jamila aliyoichagua kuingia kwenye kibanda cha Hénoch Mbayo na kumwambia kwamba ni mwongo.

Hénoch alikuwa akitengeneza simu na kuchapisha picha. Pia alikuwa na kazi ya pili aliyoipenda kuliko ya kwanza: jarida moja la katuni la Lubumbashi lilimpa michoro iliyochorwa kwenye simu au tableti, inayotumwa na vijana wa mkoa wa Haut-Lomami, aikosoe na kuinyoosha. Mchoro wa Jamila alikuwa ameurudisha mara tatu.

"Weye njo Hénoch? Unaandika eti mistari yangu inatetemeka. Angalia huu mukono. Unatetemeka?"

Hénoch akautazama mkono, kisha akapandisha macho: gauni refu la kitenge cha kijani, mtandio wa manjano, na uso uliokuja kugombana.

"Wako hautetemeke," akasema. "Wangu njo unaanza."

Jamila alijitahidi asicheke, akashindwa.

Hénoch akamketisha, akamwonyesha. Mstari huvutwa mara moja, kutoka begani, haudonolewi kidogo kidogo kama kuku na mahindi. Na kivuli si masizi ya kupaka pembeni mwa uso pande zote. "Hapa jua lako iko kushoto, hapa iko kulia. Kamina iko na majua ngapi?"

"Moja. Lakini inachoma kama mbili."

Alirudi Jumanne, akarudi Alhamisi, kisha hakuna aliyehesabu tena. Midomo ya watu ikapata kazi. Jamila alikuwa mtoto wa Waislamu waliotoka Maniema zamani kwa biashara, akiishi na mama yake nyumbani kwa baba yake mdogo, Moustapha, muuza vitenge. Hénoch alikuwa Mkatoliki, mtoto wa wakulima. Lakini Moustapha mwenyewe alikuwa amesema, "Alete wakubwa wake, tutaongea," na kwa wapendanao hiyo ilitosha. Walikubaliana kwamba baada ya shindano la michoro ambalo jarida lilikuwa limelitangaza, baba mkubwa wa Hénoch angekwenda kuposa.

"Umekula?" Hénoch alikuwa akiuliza kwenye simu kila mchana.

"Nimekula. Weye?"

"Minyi nakula sauti yako."

"Utakufa na njaa, chéri."

Kwa shindano hilo Jamila alimchora baba yake. Marehemu Juma aliugua kiharusi Jamila akiwa na miaka saba. Upande wa kushoto wa uso ukalala na mdomo ukashuka. Tangu hapo alikataa kupigwa picha mpaka alipokufa, miaka miwili iliyopita. Jamila aliazima tableti ya Hénoch, akamchora kwa kumbukumbu muda wa miezi miwili, usiku akifuta, asubuhi akianza. Alipomaliza mdomo, mama yake, Nuru, aliugusa kwa kidole akalia kwa furaha. Lakini Hénoch hakuelezwa habari ya mdomo huo. Aibu ya baba inaweza kuchorwa, haisimuliwi, hata kwa mpenzi. Na Hénoch naye hakuuliza. Kuuliza si ujinga, wazee walishasema, ila huyu bwana alizoea kuulizwa yeye.

Siku ya mwisho ya kupokea michoro, Jamila na mama yake waliitwa msibani Kaniama. Alipita mbio kibandani akiwa tayari juu ya pikipiki. "Ni Papa. Utume tu," akasema, akamwachia tableti.

Hénoch akaifungua na kufanya kama alivyofanya kwa kila mchoro: akaugeuza kama kwenye kioo, maana jicho lililozoea kosa halilioni tena. Kosa likajitokeza. Mdomo umeshuka! Mstari wa taya unayumba, shavu moja halina nuru. Masikini, amechoka mkono, akafikiri. Akapiga simu, Kaniama hapakuwa na mtandao. Basi akanyoosha mdomo, akasafisha taya, akaweka kivuli mahali pake. Alifanya kazi hiyo kwa muda wa saa tatu, kwa mapenzi yote aliyokuwa nayo. Kwa kuwa tableti ilikuwa imejaa, akayaunganisha matabaka ya mchoro, yale yanayochorwa moja juu ya jingine, kuwa moja, akahifadhi juu ya ule wa mwanzo, nao ukafutika, akatuma.

Mchoro ukachaguliwa wa kwanza. Jamila na mama yake waliporudi baada ya arobaini ya msiba, waliukuta umechapishwa mkubwa, umetundikwa ukutani mwa kibanda, na Hénoch chini yake amevaa shati jeupe la Jumapili.

Mama Nuru aliusogelea.

"Jamila," akauliza kwa upole, "huyu njo nani?"

Jamila alimgeukia Hénoch. "Yangu iko wapi?"

"Chérie, nilinyoosha kiloko, kidogo tu..."

"Nauliza yangu. Iko wapi?"

Hénoch akatafuta kwenye tableti. Alitafuta siku hiyo na siku mbili baadaye, akapiga simu Lubumbashi kwa watu wa jarida. Nao walikuwa na ule alioufanyia kazi yeye tu. Maji yakimwagika hayazoleki.

Wiki tatu Jamila hakupokea simu. Hénoch alikonda. Aliona haya, na haya haina dawa kwenye duka lolote la Kamina. Kisha mchana mmoja Jamila akaingia, mtandio mweusi, akaketi kwenye kiti chake cha zamani.

"Tuanze tena," Hénoch akamwomba. "Weye unasema, minyi nachora. Hata mwaka muzima."

Wakaanza. "Shusha mudomo," Jamila alisema. "Hapana, mingi sana. Pandisha. Hapana." Hénoch akachora, akafuta, akachora. Walifanya hivyo mpaka saa kumi, vichwa vyao vikikaribiana kama zamani. Mwisho Jamila akaisukuma tableti kando.

"Nilijaribu pia nyumbani," akasema. "Mara kumi na mbili. Mama anasema haiko yeye. Nikifunga macho nimuone Papa, naona ile yako. Ile muzuri."

"Unisamehe, Jamila."

"Nilisha kukusamehe. Batu bananipigia bananisifu, banasema mistari iko safi." Akamfuta Hénoch machozi kwa ncha ya mtandio, kisha akafuta yake. "Nakupenda. Kama ningekuchukia, ingekuwa rahisi. Lakini nikikuangalia namutafuta Papa, na simupate. Umwambie baba mukubwa wako asiende kwetu."

Hénoch akasema sawa. Akasimama mlangoni akimtazama akivuka barabara kuelekea dukani kwa Moustapha, Jamila ameyafumba macho kidogo kwa ajili ya jua, au kwa ajili ya kujaribu tena kumwona baba yake.