Nilizifuta Nembo za Bibi Yangu

Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na mbili, mama wa watoto watatu, na riziki yangu ni kupiga picha za harusi hapa Masasi. Watu husema nina mkono mzuri wa kusafisha picha. Laiti wangejua mkono huu ulianzia wapi...

Nililelewa na bibi mzaa mama, kule Mnyambe, Newala. Uso wake wote ulikuwa na nembo za Kimakonde, mistari iliyochanjwa mashavuni na kwenye paji, na mdomo wa juu ulikuwa na tundu la ndonya, kile kijiti cha pambo kinachovaliwa mdomoni. Alichanjwa na mama yake mzazi, siku moja na mdogo wake, Lukia. Vita vya Msumbiji vikawatenganisha. Bibi alivukia huku na mumewe, Lukia akabaki ng'ambo ya Ruvuma, na hawakuonana tena.

Miaka ile nikiwa binti, biashara zilikuwa zimeachiwa huru, na kila mwenye kompyuta nne alijiita chuo! Nikajiunga na kimoja pale Masasi kusomea picha za dijitali. Bibi alikuwa hajawahi kukubali kupigwa picha, lakini kwangu alikubali. Alitaka ivushwe Ruvuma, Lukia ajue dada yake bado yu hai.

"Sura yenyewe imeshazeeka," aliniambia huku akijipaka mafuta mashavuni. "Ila nembo hizi kazi ya mama. Lukia akiziona tu atanijua. Zionekane, Somoe."

Nikampiga picha moja tu, maana kamera ilikuwa ya chuo na memori kadi ilishajaa picha za wenzangu.

Jumatatu picha ikafunguliwa darasani, ikajaa kioo kizima. Wenzangu wakaangua kicheko! Palikuwa na kijana mmoja, Hamisi, ambaye nilikuwa nampenda kufa. Akaniuliza yule bibi ni nani wangu. Ndugu msomaji, unajua nilijibu nini? Nilisema ni mzee tu wa kijijini, simjui!

Wiki ile tulikuwa tunajifunza kuondoa makovu na chunusi kwenye picha kwa kompyuta. Unachukua ngozi safi, unaipandikiza juu ya doa. Nikaanza na mstari mmoja wa shavuni... wa pili... wa tatu... Hamisi alisimama nyuma yangu akinisifia, nami nikazidi kunogewa. Nikaziba hata tundu la mdomo. Mwalimu akanipa alama nyingi kuliko wote, na kwa furaha nikasevu juu ya picha ile ile.

Nilipotafuta ya mwanzo, haikuwepo. Kwenye kadi nako, ilishafutwa ili mwenzangu apate nafasi. Jasho lilinitoka! Ningeweza kusema kweli na kuomba kamera tena. Kwa nini sikusema? Aibu, jamani... aibu tu.

Jumamosi nikaenda Mnyambe na picha ndani ya fremu. Nikamwamkia bibi shikamoo, akaitikia marahaba huku mikono ameshainyoosha. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu. Akaipapasa fremu, akaisogeza karibu na uso, akaiweka magotini.

"Zinaonekana?"

"Zinaonekana, bibi."

Nikaifunga kwa karatasi upesi, mtu mwingine asije akaiona. Kesho yake mfanyabiashara mmoja wa vitenge akaondoka nayo kwenda ng'ambo. Nikamwomba Mungu Lukia naye awe haoni vizuri. Hivi ile nayo ni dua ya kuombwa na mtu mwenye akili?

Tulisubiri zaidi ya mwezi. Kila pikipiki ikinguruma njiani, bibi alikuwa ananyanyuka. Hatimaye yule mtu akaja, mkononi ameshika fremu ndani ya karatasi ile ile.

"Bibi, nisamehe. Nimempata, nimempa, ameitazama sana. Amesema huyu hamjui."

Bibi akaipokea fremu, akaiweka magotini. Kisha akasema taratibu, "Lukia amenikana."

Nikaichukua ile fremu, nikaenda kuificha.

Nilirudi chuoni, nikaazima kamera nikidanganya ni ya zoezi, nikaja nayo mbio. Bibi aligeukia ukutani. Akauliza picha ya nini tena, na ya kumpa nani. Tangu hapo hakujipaka mafuta usoni. Korosho hazijaanza kudondoka, bibi akafariki.

Baada ya mazishi ndipo nikamweleza mjomba yote. Hakunipiga, hakunitukana. Aliinuka tu, na kesho yake akavuka mwenyewe kumfuata Lukia.

Lukia alifika siku ya arobaini. Nilipomwona nilitaka kukimbia, maana ni bibi yangu mtupu, mstari kwa mstari! Akaomba aonyeshwe uso wa dada yake. Ningemwonyesha nini? Nikaitoa ile fremu. Alipitisha kidole kwenye shavu lile laini, akanirudishia. Nikapiga magoti nikilia, nikamwomba nimpige picha yeye, angalau nembo za mama yao zibaki.

Akavuta kanga yake mpaka machoni. "Na mimi utanifuta?"

Na Hamisi aliyenisifia? Alioa Lindi, nadhani hata jina langu amelisahau.

Nawasihi ninyi mnaojifunza kazi hii, msiguse picha ya mwanzo kabla hamjaiwekea nakala. Na ukikosea, sema siku hiyo hiyo, angali hai wa kukusamehe. Mimi nilinyamaza, na bibi yangu akaingia kaburini akiamini mdogo wake amemkana. Aliyemkana ni mimi.