Nyundo ya Kitambaa Chekundu

Kila Jumamosi pale Nyakanazi, Joan akishaosha vyombo na kufunga mbuzi, anakwenda karakana ya baba yake kupanga vifaa. Mzee Anatory ni fundi wa matangi ya malori ya mafuta, na nyundo zake zote zimejaa grisi, nyeusi tii, huwezi kujua ipi ni ipi. Ila moja ni ya shaba. Hiyo kaifunga kitambaa chekundu mpinini, na ndiyo pekee inayoruhusiwa kugusa tangi.

Jumamosi hii Joan alikuwa na siri. Juzi aliichukua nyundo ya shaba akapigilie vigingi vya mbuzi, akaisahau majanini. Aliporudi, haipo. Kusema akaogopa. Akachana gauni kuukuu, akafunga kitambaa chekundu kwenye nyundo ya chuma. Si nyundo tu?

Ndani, Renatus, msaidizi wa baba, alikuwa anakata nondo kwa grainda. Weee! Cheche zilimwagika mpaka ukutani, za dhahabu, kila moja inapasuka na kuzaa nyingine. Joan akabaki mdomo wazi. Halafu Renatus akaweka kipande cha shaba. Mashine ikalia vilevile, lakini haikutoka cheche hata moja!

"Baba, mbona shaba haitoi?"

"Chuma kikikwaruzwa kwa nguvu, vinang'oka vipande vidogo kama vumbi, vya moto, vinaungua hewani. Ndizo cheche. Vumbi la shaba haliwaki hivyo." Anatory akafuta mikono. "Nilipokuwa mlinzi mgodini, tulijifunza kulenga shabaha ndani ya ghala la zamani la pamba. Nyuma ya shabaha kuna bamba la chuma. Risasi zetu zilikuwa laini, zimevikwa shaba. Zikigonga zinabondeka, basi. Siku moja zikaletwa nyingine, zina chuma ndani. Mwanangu! Ukuta ulinyesha cheche. Na sakafuni kuna baruti ambayo haikuungua, miezi hatujafagia. Moto ukakimbia sakafuni kwa kasi kuliko sisi."

"Mkaungua?"

"Tuliponea mlangoni. Tangu hapo kila risasi ilipimwa kwanza kwa sumaku."

Joan akaitazama nyundo yenye kitambaa. Alitaka kusema, lakini honi ikalia nje.

Alikuwa Minani, dereva wa lori la petroli. "Shikamoo, mzee! Kifuniko cha tangi kimekwama, na mimi nawahi Kabanga."

"Marahaba. Renatus, zima hiyo grainda." Anatory akachukua nyundo yenye kitambaa chekundu, akapanda ngazi ya lori.

Joan akamfuata mpaka nje. Harufu ya petroli ilikuwa kali. Juu ya tangi hewa ilikuwa inachezacheza, kama inapumua. Baba akainua nyundo.

"Baba, usipige! Ni ya chuma!"

Mkono ukaganda hewani.

"Huyu mtoto anaota mchana?" Minani akacheka. "Si kitambaa hicho hapo?"

Anatory hakucheka. Alishuka taratibu, akasogea mbali na lori, akatoa mfukoni sumaku ya spika mbovu ya redio. Akaisogeza kwenye nyundo. Ta! Ikanasa.

Minani akavua kofia, akakaa chini palepale barabarani. Joan akaeleza yote huku analia.

Wakaenda wote kutafuta. Nyundo ya shaba ilikuwa palepale majanini, beberu kaifanya kitanda. Sumaku haikuishika. Dakika kumi baadaye kifuniko kilifunguka, tuk, tuk, bila cheche.

Ndipo Anatory akachuchumaa mbele ya binti yake. "Ungeniambia juzi umepoteza nyundo, tungeitafuta na kucheka. Nyundo kupotea ni kosa dogo. Ulipolifunika kwa kitambaa, likawa la kuua watu. Ukikosea, sema siku hiyohiyo."

"Nisamehe, baba."

"Nimekusamehe. Na mimi nina kosa, niliamini kitambaa bila kupima." Akamwekea sumaku kiganjani. "Kuanzia leo, hii ni kazi yako."

Sasa kila Jumamosi, kabla nyundo yoyote haijatoka karakana, sharti ipite kwanza kwa Joan.