Mahari ya Harufu ya Embe

— Mfuko wako unatoa moshi, Idrisa.

Zeitun alisema hivyo bila kuinua macho kutoka kwenye sufuria ya maharagwe. Werema akafunika mfuko wa shati kwa kiganja, kama mtu aliyeguswa na baridi ghafla.

— Si moshi. Ni mvuke tu.

— Mvuke ninaupika mimi hapa tangu alfajiri. Haujawahi kunukia embe.

Walikuwa jikoni, nyuma ya hoteli ndogo ya Zeitun karibu na msikiti, mjini Migori. Zeitun Awuor alikuwa mjane, Mjaluo wa Kendu Bay, Mwislamu tangu enzi za babu yake. Werema alikuwa Mkuria mwenye mashine ya kusaga mawe ya dhahabu kule Osiri. Alisilimu kabla hata ya kumjua huyu mama, akaitwa Idrisa, lakini Osiri nzima bado ilimwita Werema. Ni Zeitun peke yake aliyelitumia hilo jina jipya kila siku, na alivyolitamka, Werema alilipenda kuliko lile la kwanza.

Nikaha ilikuwa imepangwa Jumamosi ya wiki iliyofuata, nyumbani kwao Zeitun, Kendu Bay, na mahari waliyokubaliana ilikuwa mkufu wa dhahabu.

— Uliniambia umeacha, Zeitun alisema.

— Niliacha fegi. Hii ni ya umeme. Haina moto, haina majivu, haina jani la tumbaku. Haramu iko wapi hapo?

— Nikotini imo?

— Kidogo.

— Basi ni fegi ile ile, imebadilisha nguo.

Werema alikasirika, akasema wanawake hupenda kukataza kitu wasichokijua. Zeitun alifunika sufuria, akafuta mikono, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba mume wake wa kwanza alikufa kwa kifua, na yeye ndiye aliyemshikia beseni mpaka siku ya mwisho. Huyo naye alikuwa akisema ni kidogo tu. Hakutaka kushika beseni mara ya pili.

— Sasa niulize nani? Werema akasema. Mimi si msomi.

— Muulize maalim. Akisema ni halali, nitanyamaza.

Akaenda. Maalim wa Migori alimkalisha chini akamweleza taratibu: wanazuoni wengi wanasema ni haramu, kwa sababu inadhuru mwili na inakufunga kama mtumwa. Wako wachache waliosema ni makruhu, yaani jambo linalochukiza lakini halijafika kuwa haramu. Werema alitoka hapo akiwa na neno moja tu kichwani. Akaandika ujumbe kabla hajavaa viatu vizuri.

"Makruhu si haramu. Nimeshinda."

"Wengi wanasemaje?"

Akamaliza kuvaa viatu kwanza, ndipo akajibu.

"Haramu. Lakini si wote."

"Jaherana, ulienda kuuliza ama ulienda kutafuta mlango wa nyuma?"

Jaherana ni mpenzi wangu, kwa Kijaluo. Akimwita hivyo kwenye ugomvi, Werema alijua ameshikwa vibaya.

Jioni Zeitun alipiga simu mwenyewe.

— Idrisa, mkufu sitaki tena. Nimebadilisha mahari.

— Unataka nini?

— Hiyo kitu yako ya embe.

Werema akacheka. Zeitun hakucheka.

— Mahari inatakiwa iwe kitu halali. Hiyo unajua, ulifundishwa. Na wewe unasema yako ni halali. Sawa. Jumamosi iweke kwa sinia mbele ya baba yangu na shehe, useme kwa mdomo wako kwamba hii ndiyo mahari ya Zeitun. Ukiweza, nitakuwa mke wako na sitakuuliza tena juu ya hiyo kitu mpaka nife.

— Na nisipoileta?

— Basi usije.

Kesho yake Werema alimweleza Mniko, mwenzake wa kwenye mashine, Msabato asiyegusa hata chai ya rangi. Mniko akazima mashine ili asikie vizuri.

— Mura, kijana wetu, huyo mama amekufunga miguu yote miwili.

— Amenifungua. Nampa hii, nanunua nyingine. Kwani alisema nisinunue?

Na ndivyo alivyofanya. Jumamosi asubuhi walipokuwa wakipita Rongo kwenye pikapu ya Mniko, Werema aliomba wasimame kidogo dukani. Alirudi na kiboksi, akakitia kwenye mfuko wa ndani wa koti alilovaa juu ya kanzu mpya. Walipofika Rangwe, Mniko akapunguza mwendo.

— Unaenda kuoa ama kudanganya watu?

— Endesha gari.

Kendu Bay walipokelewa vizuri. Wanaume walikaa kwenye mkeka sebuleni. Wanawake walikuwa chumba cha pili, nyuma ya pazia, na Zeitun kati yao. Baba yake, Mzee Athumani, alikuwa na macho dhaifu lakini pua yake ilikuwa nzima. Dua ikasomwa. Shehe akauliza mahari ni nini.

Sinia ikasogezwa, kitambaa cheupe kikafunuliwa. Pale katikati kilikuwa kimelala kile kidude cha bluu, kama kalamu nene.

Mzee Athumani akakiokota, akakisogeza puani, uso ukamng'aa.

— Mashallah. Marashi ya embe. Nyathina, mwanangu, umefanya jambo zuri.

Akaanza kukipitisha kwenye kola ya kanzu yake, upande huu na ule, huku akisema Ijumaa atakwenda nacho msikitini watu wamuulize ametoa wapi. Wageni wakatabasamu.

Njia ilikuwa wazi. Werema alihitaji kusema ndiyo tu. Lakini nyuma ya pazia Zeitun alikuwa akisikiliza, na yeye alilijua hilo.

— Si marashi, baba.

— Ni nini?

— Ni sigara.

Mkono wa mzee ukasimama kwenye kola.

— Sigara kwenye sinia ya mahari? shehe akauliza.

— Zeitun ndiye aliyeitaka. Nilimwambia ni halali.

— Na bado unasema hivyo?

Werema akaitazama ile sinia.

— Nikiwa Osiri nasema. Hapa mdomo unakataa.

Shehe akatikisa kichwa pole pole, akasema basi jibu amejipa mwenyewe, kwa maana hata yeye shehe angemsomea vitabu mpaka jua litue, Werema asingekubali. Lakini Mzee Athumani hakuridhika. Alikirudisha kile kitu kwenye sinia, akapangusa vidole.

— Binti yangu ameshazika mume mmoja. Nikupe wewe ili azike wa pili?

— Kifua changu kina vumbi la mawe, baba. Sina ruhusa ya kukiongezea. Nitaacha. Na siku itakayonishinda, nitamwambia yeye kwanza. Sitajificha tena jikoni kwake.

Kabla mzee hajajibu, simu ya Werema ikatetemeka mfukoni. Akaitazama kwa aibu: ujumbe wa Zeitun, kutoka nyuma ya pazia.

"Na ya pili iko mfuko gani?"

Akamgeukia Mniko. Mniko akainua mikono yote miwili.

— Mimi sijasema kitu. Huyo anakujua.

Werema akatoa kile kiboksi cha Rongo, hata hakijafunguliwa, akakiweka kwenye sinia kando ya mwenzake. Nyuma ya pazia shangazi mmoja akaangua kicheko, kikafuatwa na cha pili, mwishowe mabega ya Mzee Athumani mwenyewe yakaanza kutikisika.

— Sasa huna mahari, mzee akasema.

— Ninayo.

Akatoa kikaratasi kilichokunjwa. Ndani kulikuwa na kipande cha dhahabu ya Osiri, ile iliyokuwa itengenezwe mkufu, aliyoiweka tangu alipoanza kumpenda. Zeitun alipoukataa mkufu, Werema hakuwa na moyo wa kuiuza. Shehe akapaza sauti kuelekea pazia, akauliza kama bi harusi ameridhika.

— Hiyo nimeridhika nayo, Zeitun alisema. Na mwenye kuileta pia.

Wakafunga ndoa. Pilau ikaliwa, na siku nzima kola ya Mzee Athumani ilinukia embe.

Kuacha si mchezo, msidanganywe. Ziko siku Werema anatafuna karafuu mpaka ulimi unakufa ganzi, na akiguswa na mtu kwenye mashine anataka kupigana. Juzi ilikuwa siku kama hiyo. Akaandika:

"Leo imenikamata vibaya."

Jibu likaja hapo hapo.

"Njoo ukae jikoni, jaherana. Mvuke uko, wa maharagwe."

Werema akamwachia Mniko mashine, akaenda.