Glavu Moja ya Jepkoech

Pale Elburgon, kila mtu alijua mursik ya Jepkoech, yale maziwa ya kugandishwa kibuyuni. Alichemsha maziwa, akayapoza, kisha akayatia katika kibuyu alichokisugua kwa mkaa wa mti wa senetwet. Siku ya kufungua kibuyu, majirani wote walikumbuka ghafla kwamba wana kiu.

Jambo moja tu lilimkera. Mkaa ulimwacha na mikono myeusi, na sabuni haikufua dafu.

Mwaka huo wa 1956, binti yake Chemutai alipata mchumba, askari wa kambi ya Lanet. Wazazi wa kijana walikuwa waje kuleta posa.

"Mama yake atanisalimia kwa mkono," Jepkoech alimwambia mumewe, Kosgei. "Nimpe huu, kama wa mchoma makaa?"

Kosgei alikuwa mpishi kwa mzungu. Akamletea glavu ya mpira kutoka jikoni. Ilikuwa moja tu, ya kulia. Ya kushoto ilikuwa imechanika. Jepkoech alifurahi kweli. Akasugua vibuyu kwa glavu, akaosha sufuria kwa glavu, hata kuni akabeba kwa glavu.

Haukupita muda, mkono wa kulia ukaanza kuwasha. Ukavimba na kutoka vipele.

"Ni mkaa huo," akasema Kosgei. "Siku hizi mti umekuwa mbaya."

Jepkoech akaamini. Akaivaa glavu kutwa nzima ili mkaa usimguse. Mkono ukazidi.

"Basi wageni watakunywa chai," akasema, machozi yakimlenga. Posa bila mursik! Hiyo ilikuwa aibu kubwa.

Chemutai akamvuta mpaka kwa jirani yao, Sista Nasimiyu, muuguzi wa dispensari. Sista akaitazama mikono yote miwili.

"Mama Chemutai, mkaa unashika na mkono gani?"

"Na yote. Wa kushoto unatia, wa kulia unasugua."

"Wa kushoto ni mweusi mpaka kwa kucha, lakini ni mzima. Wa kulia ni safi, na ndio mgonjwa. Sasa kosa la mkaa ni lipi?"

Wakaangalia tena. Vipele viliishia pale pale glavu ilipoishia.

"Kumbe ni glavu!" Chemutai akapiga kelele.

"Watu wengi wanavaa mpira bila shida," Sista akaeleza. "Lakini miili mingine inaukataa. Vua hiyo glavu, osha mkono na maji safi, uuache upumzike. Usipopona, rudi. Chupa ya mpira ya maji moto ikikuwasha, iache. Baluni pia. Na daktari huvaa glavu, kwa hivyo mwambie mapema: mwili wangu unakataa mpira. Siku midomo ikivimba ama pumzi ikibana, kimbia hospitali. Usingoje."

"Na mkaa, Sista?"

"Sugua tu! Hata mimi nitakuja kunywa."

Kosgei aliposikia, alishika kichwa. "Wee! Kumbe ugonjwa nilileta mwenyewe!" Wakamcheka mpaka akacheka pia. Glavu ikarudi jikoni kwa mzungu, na vibuyu vikajazwa.

Wageni walipofika, mkono ulikuwa umepona. Mama wa kijana alikunywa, akaomba tena. Kisha akanyoosha mkono kumshukuru mwenyeji. Jepkoech akauficha wake kwa leso.

"Samahani, mama. Ni mkaa."

Mgeni akauvuta mkono ule mweusi, akaufumbata kwa mikono yake miwili.

"Ungekuwa mweupe ningeogopa," akasema. "Ningeuliza, haya maziwa ametengeneza nani?"

Kisha akasogeza kikombe tena.