Mjadala wa Kitambaa cha Adero

Kila Ijumaa baada ya mapumziko, darasa la saba katika shule moja karibu na Obunga, Kisumu, lilifanya mjadala. Ijumaa moja mwaka wa 1989, Mwalimu Wakoli aliwaambia wanafunzi kwamba amesikia redioni kuwa shule fulani huko Ufaransa imewafukuza wasichana Waislamu waliokataa kuvua vitambaa vya kichwani. Akaandika ubaoni: "Anayeishi na watu avae kama wao."

"Apiyo ataunga mkono," alisema. "Adero atapinga."

Adero alikuwa Mwislamu pekee darasani, na yeye na Apiyo walikaa dawati moja. Wiki hiyo alikuwa amemsomea Apiyo barua ya dada yake aliyeolewa Uingereza. Dada huyo hufunika uso. Mwanamume mmoja alimvua utaji kwenye kituo cha basi, watu wakacheka. Tangu hapo alikuwa hatoki nyumbani.

"Usimwambie mtu," Adero alikuwa amemsihi.

Apiyo alianza, kisha Adero akasimama. "Nachota maji nanyi, nacheza nanyi," alisema. "Kitambaa changu kimemzuia nani kusoma?"

Darasa likampigia makofi. Apiyo akaona anashindwa. Alipopewa nafasi ya kujibu, alisimulia habari za ile barua. Akajifunika uso kwa mikono na kupepesuka kama dada yake Adero pale kituoni. Wanafunzi wakaangua kicheko. Selpha, aliyeketi nyuma yao, akakivuta kitambaa cha Adero, kikamtoka kichwani. Adero akajifunika nywele kwa mikono, na kicheko kikazidi. Mwalimu Wakoli alitabasamu, kisha akampa Apiyo ushindi.

Wiki iliyofuata Adero hakuonekana. Alhamisi Apiyo alishindwa kula, akamweleza mama yake yote. Mama akamshika mkono, wakaenda kwa kina Adero.

"Nisamehe," Apiyo alisema.

"Dada yangu aliniandikia mimi," Adero akajibu. "Sasa anachekwa hata Kisumu."

Kesho yake Adero alikuja na mama yake, kitambaa kikiwa kichwani. Apiyo na Selpha waliomba msamaha mbele ya darasa.

"Mimi nilikosea kuliko wao," alisema Mwalimu Wakoli. "Niliona, nikanyamaza."

Mama Adero alimgeukia Apiyo. "Mwanangu, mtu akikuamini kwa siri yake, usiifanye fimbo ya kumchapia. Na kuishi pamoja si kumvua mwenzako anachokiheshimu. Adero atasoma hapa. Lakini siwezi kumlazimisha awe rafiki yako tena."

Adero alichukua vitabu vyake, akahamia dawati la mbele.