Mshono wa Gunia la Dagaa

Kila Jumamosi, jua likiwa bado halijapanda, Yusta na mama yake Veneranda walikuwa wameshatoka nyumbani Katubuka na kufika mwaloni Kibirizi, mitumbwi ya wavuvi inapotia nanga. Katikati ya wiki mama alinunua dagaa kwa wavuvi na kuwaanika hapo; Jumamosi akawajaza guniani na kuwapeleka sokoni Mwandiga. Yusta, mwanafunzi wa darasa la sita, alikuwa na kazi moja tu: kulinda.

Siku hiyo mama alishona mdomo wa gunia kwa shazia, ile sindano kubwa ya magunia, na uzi wa bluu wa nyavu kuukuu. Alikuwa mashoto, na alishona haraka mpaka wenzake wakasema nzi akichelewa kutoka hushonewa humo humo.

"Naenda kutafuta bajaji," alisema. "Usibanduke hapa hata ziwa likikauka."

Ziwa halikukauka. Ila upande wa pili wa mwalo kelele zilipanda: amevuliwa singa, samaki mkubwa wa ziwani, mwenye kinywa cha kumeza baiskeli pamoja na pampu yake. Yusta alijikaza. Akakaa mguu mmoja huku, mmoja kule.

"Nenda ukamwone, mdogo wangu," alisema Alphonce, mpakiaji wa mizigo aliyekuwa ameketi jirani. "Mimi nipo. Gunia halina miguu."

Yusta akaenda mbio. Singa mwenyewe, alipomwona, labda angemeza kandambili, tena ya mtoto. Hata hivyo alikaa pale mpaka samaki akapimwa kwa urefu wa wavuvi watatu. Aliporudi, Alphonce alikuwa pale pale na gunia lilikuwa pale pale.

Mama naye akarudi na bajaji. "Hukubanduka?"

"Sijabanduka, mama."

Ulikuwa uongo mwepesi kama gamba la dagaa. Mama hata hakuligusa gunia kulikagua.

Kabla halijapakiwa, polisi wawili walifika, wakiongozwa na Sajini Martini. Walikuwa wamepata taarifa kwamba bhangi ilikuwa inasafirishwa ndani ya mizigo ya samaki. Sajini alimwomba Mzee Gideon, mwenyekiti wa mwalo, asimame karibu ashuhudie. Akakata nusu ya mshono, akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, akatoa furushi lililofungwa kwa kamba ya njano. Alipolifungua, harufu yake iliishinda ya dagaa.

Watu wa mwalo wakasogea karibu.

"Gunia ni lako, mama?"

"Ni langu, afande. Hicho sikijui."

"Nani alilishona?"

"Mimi."

"Uliliacha na mtu?"

"Niliacha na mwanangu. Alikuwa hapa muda wote. Huyu hajawahi kunidanganya."

Sajini akamgeukia Yusta. "Kweli, binti?"

Akimkana mama mbele ya watu wote hawa, atamtazamaje? "Kweli, afande," alijibu. "Sijabanduka."

Sajini akaandika kwenye fomu ya upekuzi. "Gunia lake, kashona yeye, halikuachwa na mtu mwingine," alimwambia Mzee Gideon kwa sauti ya chini. "Sasa mwingine aliliweka saa ngapi?" Mzee akatikisa kichwa. Sajini akampa mama fomu. "Soma, mama, kisha utie sahihi. Twende kituoni."

Mama alishika kalamu kwa mkono wa kushoto. Yusta aliwaza wadogo zake wawili nyumbani wakisubiri uji. Pembeni, Alphonce alikuwa ameanza kukumbuka kwamba ana safari.

"Nimedanganya," alisema Yusta. Sauti ilitoka nyembamba, akarudia. "Afande, nilidanganya. Nilikwenda kumwona singa. Gunia nilimwachia Alphonce."

Mama akairudisha kalamu. Kisha akapiga magoti na kuikagua nusu ya mshono iliyokuwa haijakatwa. "Huu si wangu," alisema taratibu. "Wangu hulalia kushoto. Huu umelalia kulia."

Sajini akampa shazia na gunia tupu. Mama akashona pale pale mbele ya watu. Mishono ikawekwa bega kwa bega, na Mzee Gideon akasema hata kipofu angeitofautisha kwa kupapasa.

"Alphonce, njoo," alisema Sajini.

"Kila mpakiaji ana shazia, afande," alisema Alphonce kabla hajaulizwa.

Mfukoni mwake palikuwa na shazia, uzi wa bluu, na kipande cha kamba ya njano.

Kituoni Alphonce aliwekwa mahabusu; Yusta na mama yake waliandikisha maelezo yao, na mchana wakaruhusiwa kuondoka. Mlangoni Yusta aliuliza, "Kwani mama angefungwa kwa kitu asichokijua?"

"Bhangi kukutwa kwenye gunia lako peke yake haitoshi," alijibu Sajini. "Inaulizwa: ilikuwa mikononi mwako au chini ya mamlaka yako? Na ulijua kwamba ipo? Asiyejua anaweza kujitetea kwamba hakujua, lakini lazima aaminike. Mama yako alisema kweli, wewe ukamfanya aonekane mwongo. Na jambo lingine: mtu akibebeshwa kifurushi, akakitilia shaka, kisha akafumba macho kwa makusudi, asidhani neno 'sikujua' litamwokoa."

Jumamosi iliyofuata zikaja habari za singa mwingine, safari hii wa kumeza bajaji na abiria wake. Mama aliporudi, alimwuliza Yusta swali lile lile.

"Nilibanduka, mama. Hatua tano. Gunia nilikuwa naliona."

Mama aliinama, akapitisha kidole juu ya mshono wote, mwanzo mpaka mwisho. Ulilalia kushoto.

"Kubanduka ni utoto, nitakukanya na yatakwisha," alisema. "Lakini ukibanduka, niambie umebanduka. Nikisimama mbele ya watu nikasema, 'Mwanangu kaniambia,' nataka neno hilo linitetee, lisinifunge. Haya, shika upande wako, tupakie."